Kunguni katika nyumba za Nairobi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wapangaji hutuuliza tunapofika mlangoni na pampu ya dawa mgongoni, pamoja na yale wanayopiga simu kuuliza majuma machache baadaye, kunguni wakiwa wamerudi. Mengi yana jibu moja chini yake: kunguni ana kalenda yake, na anayempiga dawa bila kuijua kalenda hiyo anamwaga pesa sakafuni.

Kunguni ni mdudu wa aina gani?

Ni mdudu anayeishi kwa damu peke yake tangu siku anapototolewa hadi anapokufa. Damu haina vitamini B za kumtosha, kwa hiyo hubeba mwilini bakteria anayeitwa Wolbachia, ambaye humtengenezea. Kuna aina mbili zinazomsumbua binadamu: Cimex lectularius, na Cimex hemipterus wa nchi za joto. Wote wawili wanapatikana Afrika Mashariki, na kwa macho matupu hutawatofautisha.

Mkubwa ana urefu wa milimita 5 hadi 7. Akiwa na njaa ni bapa, rangi ya kahawia, na hupenya ufa wowote unaoweza kuingiza ukingo wa kadi ya benki. Akishiba hufura, hurefuka na kuwa mwekundu mweusi. Hawezi kupaa wala kuruka. Ukiona kitu kimeruka, hicho ni kiroboto.

Nitajuaje kama ni kunguni na si mbu?

Usianze na ngozi, anza na kitanda. Ngozi za watu hazifanani. Kuna anayevimba ndani ya saa chache, kuna ambaye mwasho humjia baada ya siku kadhaa, na kuna asiyehisi chochote hata akiumwa kila usiku. Mara nyingi tunakuta mke amejaa vipele na mume, anayelala naye godoro moja, ameapa kwamba nyumba haina shida. Wote wawili wanaumwa. Vipele vitatu vilivyojipanga mstari ni dalili, lakini havitoshi kuwa ushahidi.

Vua shuka zote. Washa tochi ya simu na uilaze sambamba na godoro ili mwanga upite juu ya kitambaa, kisha pitisha kadi iliyokwisha muda ndani ya mshono wa pembeni, polepole, kuanzia upande wa kichwa. Geuza godoro ufanye vivyo hivyo chini. Halafu toa chaga na utazame pale zinapokalia fremu, ndani ya matundu ya skrubu, na nyuma ya ubao wa kichwani. Unachotafuta hasa ni vidoa vyeusi vilivyozama kwenye kitambaa au mbao. Bonyeza kidoa kwa pamba yenye maji: kikiyeyuka na kuacha rangi ya kahawia yenye wekundu, hiyo ni damu yako iliyokwisha kupita tumboni mwa kunguni. Karibu na hapo utakuta magamba makavu yanayopitisha mwanga, na mayai meupe ya milimita moja yaliyogandishwa mbaoni. Wakishakuwa wengi chumba hupata harufu nzito, kama dania iliyokaa ndani ya mfuko wa plastiki.

Ukipata magamba bila kunguni hai, usipumue bado. Gamba lina mwenyewe.

Maisha yake yanaendaje kutoka yai hadi kuzaa?

Jike aliyepandwa na kushiba hutaga yai moja hadi matano kwa siku. Huyabandika kwa gundi ndani ya ufa, kwenye mshono au nyuma ya karatasi ya ukutani, na gundi hiyo ndiyo inayofanya mayai yasitoke ukikung'uta godoro. Akipata damu ya kawaida anaweza kufikisha mayai 200 hadi 500 katika maisha yake.

Anayetoka ndani ya yai ana milimita moja na nusu na karibu hana rangi, ndiyo maana watu wengi hawajawahi kumwona. Ana hatua tano za kukua. Katika kila hatua lazima apate angalau mlo mmoja kamili wa damu ndipo ajivue ngozi na kuingia hatua inayofuata. Asipokula hafi upesi, ila hakui. Anakaa pale pale akisubiri. Baada ya kujivua mara ya tano ndipo anakuwa mkubwa na kuanza kuzaa.

Mlo wenyewe ni wa dakika 3 hadi 15, mara nyingi saa zile za kuelekea alfajiri ambapo usingizi umekolea. Hewa unayotoa puani na joto la mwili wako ndivyo vinavyomwelekeza. Mate yake yana kitu cha kutia ganzi na kingine cha kuzuia damu isigande, kwa hiyo unaumwa bila kuamka. Akishiba anarudi mafichoni na anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, bila kutoka. Hakai mwilini kama chawa.

Kupandana kwao ni ukatili mtupu. Dume hutoboa tumbo la jike na kumwaga mbegu ndani ya mwili, na kila tundu ni jeraha. Jike aliyeshiba na kuchoka kutobolewa huhama kundi akatafute ufa wa peke yake. Kumbuka hilo, kwa sababu jike huyo ndiye anayekitoa kizazi kitandani na kukipeleka kwenye kochi, kwenye fremu ya picha, hatimaye kwa jirani.

Nimesoma kwamba mzunguko huu unaisha kwa mwezi mmoja. Ni kweli?

Kwa Mombasa, karibu kweli. Kwa Nairobi, mara nyingi si kweli, na hapa ndipo ratiba nyingi za kupiga dawa zinapoharibika.

Ukuaji wa kunguni unategemea joto. Kwenye nyuzi 30 yai hutotoka ndani ya wiki moja, na mtoto anaweza kuwa mzazi kwa mwezi na siku chache. Kwenye nyuzi 23 safari hiyo huchukua kama miezi miwili. Kwenye nyuzi 18 yai pekee linaweza kukaa karibu wiki tatu, na safari nzima ikafika miezi minne. Chini ya nyuzi 13 yai halitotoki kabisa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti kuna siku jua halionekani kabisa. Chumba cha mawe kilicho chini ya ghorofa za Pipeline, kisichoona jua mwaka mzima, hakina kalenda moja na chumba cha mabati cha Mathare kinachochemka saa nane mchana. Isitoshe, kitanda chenye watoto watatu ni chenye joto kuliko chumba kilicho ndani yake.

Watu hufurahia baridi wakidhani inawamaliza. Inawachelewesha tu. Dawa iliyopulizwa mwanzoni mwa Julai inaweza kukuta mayai ambayo yatatotoka mwishoni mwa mwezi, wakati nguvu ya dawa imekwisha na wewe umesharudisha nguo kabatini.

Kunguni mmoja anaweza kweli kuleta shida yote hii?

Akiwa jike aliyekwisha kupandwa, ndiyo. Huhifadhi mbegu za dume na kuendelea kutaga kwa majuma kadhaa. Wanawe hupandana wao kwa wao bila kudhoofika kama wanyama wengine. Watafiti waliochunguza vinasaba vya kunguni wa majengo ya kupangisha wamekuta mara nyingi kwamba jengo zima lilianza na majike wachache tu.

Hebu tufuate mmoja. Ameingia chumbani Machi ndani ya begi. Wiki za kwanza yuko peke yake kwenye kona ya kitanda, anauma mara moja kila baada ya siku kadhaa, na wewe unalaumu mbu. Mwishoni mwa Machi kuna watoto kumi, ishirini, wasioonekana. Aprili na nusu ya Mei wanakula na kujivua ngozi, wote wakiwa ndani ya mita moja au mbili kutoka mahali unapoweka kichwa, maana hakuna sababu ya kwenda mbali. Kinyesi chao chenyewe kina kemikali inayowaita wenzao wakae pamoja. Kuelekea mwisho wa Mei mabinti wa kwanza wanaanza kutaga, na hapo hesabu inabadilika: aliyekuwa mama mmoja sasa ni kina mama wengi, na kila mmoja ana mayai yake ya kila siku. Juni unamwona wa kwanza akitembea ukutani taa ikiwa imewaka.

Ndiyo maana karibu kila mtu hutuambia walianza wiki jana. Kunguni anayeonekana mchana kwa kawaida amefukuzwa na msongamano, au ana njaa kali. Kutoka hapo huenea kwenye soketi za umeme, nyuma ya dari, pindo za pazia, na kupitia matundu ya nyaya na mabomba hadi chumba cha pili.

Waliingiaje? Nyumba yangu ni safi.

Usafi hauwazuii, maana hawali makombo, wanakula wewe. Mwaka wa 2023 Paris nzima ilikuwa katika kelele za kunguni, na si mji wa watu wasiooga. Chumba chenye vitu vingi kinawapa maficho zaidi, basi.

Njia kubwa tunazokutana nazo Nairobi ni godoro na kochi vilivyonunuliwa kwa mtu, kuhama kwenye ploti iliyokuwa nao, wageni waliolala, na sanduku la mwanafunzi anayefunga shule ya bweni. Kitanda cha mbao kilichotumika ni kibaya kuliko nguo za Gikomba, kwa sababu kunguni hupenda kukaa panapolaliwa. Nguo ya mitumba ukiiloweka kwa maji moto na kuipiga pasi imekwisha. Viti vya matatu na mabasi ya usiku vinaweza kuwabeba, lakini usimlaumu dereva kabla ya kukagua kochi ulilopelekewa na mkokoteni mwezi uliopita.

Mtoto amefunga shule. Nifanye nini na sanduku?

Lifungulie nje, juani, mbali na mlango. Nguo na shuka ziende moja kwa moja kwenye maji moto. Sanduku tupu limwagie maji yanayochemka kwenye kona, bawaba na mahali bati lilipokunjwa. Blanketi la bweni na godoro la shule ni vya kukagua kwa kadi, kama nilivyoeleza. Fanya bila kumwaibisha mtoto, hakuwaleta kwa kupenda.

Wanaambukiza Ukimwi au homa ya ini?

Hapana. Hakuna ushahidi kwamba kunguni humwambukiza mtu magonjwa hayo, hata kama amemuuma mgonjwa kabla yako. Shida zao ni kukosa usingizi, mwasho, vidonda vya kujikuna vinavyoingia uchafu, na kwa mtoto mdogo katika chumba kilichojaa kunguni, hata kupungukiwa na damu. Na aibu, ambayo hufanya watu wanyamaze hadi ploti nzima imejaa.

Nimepuliza dawa mara mbili. Mbona hawafi?

Kuna sababu tatu, na mara nyingi zote zipo pamoja.

Ya kwanza ni mayai. Dawa nyingi za kupuliza haziui yai vizuri. Wazazi wanakufa, unapata amani wiki mbili, kisha watoto wanatoka. Mpango ni kurudi baada ya siku 14 hivi, na katika miezi ya baridi kukagua na kupiga tena wiki ya tatu au ya nne. Una nafasi ya kutosha, maana aliyetotoka leo hatazaa kabla ya majuma kadhaa. Ukimpata katika muda huo, uzao umekatika. Atakayekuahidi kuwamaliza kwa siku moja kwa kupuliza peke yake, muulize atarudi lini.

Ya pili ni usugu. Dawa nyingi zilizo madukani ni za jamii ya pairethroidi, ambazo wanakemia waliziunda kwa kufuata sumu ya ua la pareto. Wakenya tunalijua pareto vizuri: kwa miaka mingi nchi hii ilikuwa mzalishaji wake mkubwa kuliko wote duniani. Kunguni wa sehemu nyingi za dunia wamezizoea dawa hizi. Wengine neva zao zimebadilika, wengine wana gamba nene, wengine huivunjavunja sumu mwilini. Si jambo jipya. DDT ilianza kutumika kwa wingi miaka ya 1940, na mwaka wa 1947 tayari kunguni wa Hawaii walikuwa hawafi kwayo. Kwa hiyo kurudia chupa ileile kwa wingi zaidi ni kujitia sumu wewe. Badilisha jamii ya dawa, na uongeze joto na unga wa diatomi (mabaki ya vimelea vidogo vya majini yaliyosagwa), ambao hukwaruza nta ya gamba hadi mdudu anakauka. Unga huo uingizwe kidogo ndani ya nyufa, usimwagwe kitandani.

Ya tatu ni mahali. Moshi na makopo ya kulipua hujaza hewa ya chumba, ilhali kunguni yuko ndani ya tundu la skrubu.

Dawa ya chupa ndogo isiyo na lebo, ile ya kuuzwa mtaani?

Usiitumie. Nyingi ni sumu ya shambani iliyomiminwa upya. Dawa halali hapa Kenya imesajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa za kuua wadudu, na lebo inaonyesha nambari ya usajili. Usipulize chochote kwenye godoro la mtoto mchanga.

Na mafuta ya taa?

Humuua yule aliyeguswa tu. Mayai na walio ndani hubaki, na wewe unabaki na chumba cha mbao kilicholoweshwa mafuta karibu na jiko.

Mama anasema maji moto na jua vinatosha. Ni kweli?

Mama ana haki kwa maji moto. Nyuzi 55 huua kunguni na yai papo hapo. Nyuzi 48 pia huua, lakini lazima joto lidumu kama saa moja na nusu. Birika linalochemka likimwagwa polepole kwenye viungo vya kitanda, kitanda kikiwa nje na kimefunguliwa vipande, linafanya kazi kuliko makopo mengi ya dukani. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60 au zipigwe pasi kwenye mishono.

Jua ni shauri jingine. Godoro likianikwa Nairobi hupata joto upande wa juu, nao huhamia chini kwenye kivuli. Jioni unawarudisha ndani wakiwa salama.

Nikifunga nyumba Desemba niende ushago, si watakufa njaa?

Hawatakufa. Kunguni mkubwa huvumilia miezi kadhaa bila kula, na baridi humwongezea uvumilivu. Mtawakuta wakiwa bapa na wakali. Ubaya mwingine ni begi lako: kama halikukaguliwa, umempelekea shosho zawadi asiyoitaka.

Nilale kwenye kochi kwa muda?

Usithubutu. Watakufuata, na sasa utakuwa na kitanda na kochi. Lala palepale, lakini kifanye kitanda kuwa kisiwa: kisogeze kutoka ukutani, blanketi na neti zisiguse sakafu, na kila mguu ukae ndani ya mkebe wenye maji ya sabuni. Mkebe mkavu wa plastiki laini haumzuii vizuri Cimex hemipterus, ambaye miguu yake hushika kuta laini kuliko ya mwenzake. Kwa mkebe mkavu, pakaa poda ndani. Hatua hii ina maana tu ukishakisafisha kitanda chenyewe.

Neti yenye dawa haiwafukuzi?

Waliozoea pairethroidi hujificha kwenye mikunjo yake. Lakini usiitoe kwa sababu hiyo. Ioshe, iangalie mishono, uirudishe. Mbu bado yupo.

Nitupe godoro?

Kwanza kagua. Mara nyingi kitanda cha mbao ndicho kilichojaa na godoro linaokolewa kwa kulitibu na kulivika gunia la kitambaa kizito chenye zipu isiyo na mwanya, lisifunguliwe mwaka mzima. Kama ni la kutupa, lichane kwa kisu kabla halijatoka nje. La sivyo litaokotwa kabla ya jioni, na huenda likarudi ghorofa ya pili ya jengo lako.

Mwenye nyumba anasema ni shida yangu. Je, ni kweli?

Kwa chumba kimoja tu pengine mtabishana. Lakini katika ploti yenye kuta za pamoja, kupiga dawa chumba kimoja ni kuwahamisha. Angalau vyumba vya kushoto, kulia, juu na chini vikaguliwe siku hiyohiyo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu nyumba iliyojaa wadudu hadi kuhatarisha afya kuwa kero, na afisa wa afya ya umma wa kaunti anaweza kumtaka mhusika airekebishe. Anza na msimamizi wa ploti, nenda na majirani wawili watatu na picha za simu zenye tarehe. Peke yako utaambiwa ni wewe uliyewaleta.

Nitajua lini kwamba wamekwisha?

Futa vidoa vyote vya zamani siku ya dawa, ili kila kidoa kipya kiwe habari. Tandika shuka nyeupe. Kagua kwa kadi na tochi kila wiki, hata kama hamuumwi, kwa sababu kunyamaza kwa ngozi hakuthibitishi kitu. Hesabu miezi miwili kuanzia ishara ya mwisho, na miezi mitatu kama mlipiga dawa wakati wa baridi. Ukipata kidoa kimoja katikati, hesabu inaanza upya. Mpaka hapo mikebe ikae chini ya miguu ya kitanda, na kitanda kisirudi ukutani.